Mgonjwa wa Sukari Akitoka Nyumbani

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka sehemu za Kitale na Bungoma



Nimepewa nusu saa, na naona moshi jikoni, kwa hivyo sitazunguka. Siku nyingine tulizungumza hapa juu ya chakula cha mgonjwa wa sukari. Wengi wenu mlishika vizuri: mboga zijae nusu ya sahani, robo iwe ugali, robo ile nyingine iwe samaki, kuku, mayai au maharagwe. Nimetembelea nyumba zenu na nimeona mnajaribu. Lakini mama mmoja wa Kiminini aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku hiyo. Alisema, "Dada, hayo ya nyumbani nimeshika. Lakini mimi nyumbani nakula mara ngapi? Leo kikundi, kesho soko, Jumamosi matanga. Sahani yangu mwenyewe naiona usiku tu."

Ni kweli kabisa. Sisi tunakula nje kuliko tunavyofikiri. Kwa hivyo leo nazungumza juu ya mgonjwa wa sukari akiwa ugenini.

Nianze na jambo lililotokea. Tarehe sitaji na boma sitaji. Yalikuwa matanga, mahali fulani kati ya Kitale na Kamukuywa. Mama ninayemsema ni mweka hazina wa kikundi chake, mtu wa kuaminika, na ana sukari kwa miaka mingi. Ameniruhusu niwaeleze mradi nisitaje jina lake. Siku hiyo aliamka alfajiri, akameza dawa yake saa kumi na mbili kwa kikombe cha chai ya strungi, akaenda kusaidia kupika. Alichota maji, akapanga kuni, akasonga ugali katika zile sufuria kubwa ambazo mwiko wake ni kama kasia. Na si mnajua kawaida yetu: watu wanakula baada ya kuzika, na wapishi wanakula mwisho kabisa. Hotuba nazo zikawa ndefu. Kila mtu anataka kusalimia, na kila anayesalimia anaanza na historia. Ilipofika saa tisa mchana mama hajaonja kitu.

Akaanza kutoka jasho. Akawa mkali, akamjibu mwenzake vibaya, na huyu ni mtu mpole. Akawa anapepesuka. Watu wakacheka, ati mama ameonja busaa nyuma ya nyumba. Wakamlaza chini ya mti ili ulevi umtoke. Na mimi, mwenye diploma, nilipita pale nikamwona amelala, nikafikiri ni uchovu wa kazi. Nikaenda zangu kusikiliza hotuba. Hilo bado liko moyoni mwangu.

Aliyemwokoa ni mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na miwili. Alimwita, hakuitika. Akakimbia kwa wanawake akisema, "Nyanya hajalewa! Nyanya anakunywa dawa ya sukari!" Tulipofika hakuweza tena kumeza. Tulimpeleka hospitali kwa gari lililoleta viti na hema. Kule walimpima, sukari ilikuwa 1.8. Wakamtia glukosi kwenye mshipa, na baada ya muda mfupi akafumbua macho akauliza kama ugali ulitosha. (Kicheko.) Ndiyo, mnaweza kucheka, kwa sababu yuko hai. Bila yule mtoto tungerudi na matanga mawili.

Nilipomtembelea nilimuuliza, "Mama, kwa nini hukuomba chakula mapema?" Akanijibu, "Niliona aibu. Mpishi akila kabla ya wageni wanamwita mlafi. Na sikutaka wajue nina ugonjwa."

Basi hapo ndipo nilipata jibu la yule mama wa Kiminini. Sisi tumewafundisha watu kuogopa sukari iliyo kwenye kikombe. Ni sawa. Lakini mtu akitoka nyumbani, kitu kinachomwangusha siku hiyo hiyo ni saa ya kula, pamoja na kunyamaza. Sukari iliyozidi huharibu pole pole, kwa miaka: macho, figo, moyo, mishipa ya miguu. Sukari iliyoshuka inamwangusha mtu mbele yenu kabla hotuba moja haijaisha.

Hebu tuelewe inavyokuwa. Dawa inapunguza sukari iliyo katika damu. Iko dawa isiyojali kama umekula au hujala, inaendelea na kazi yake tu. Insulini ni hivyo. Kati ya vidonge, glibenklamidi ni hivyo pia. Ukiimeza asubuhi na chakula kije saa kumi, inaendelea kushusha. Metformini ikiwa peke yake si rahisi ikuangushe namna hiyo, ingawa inafaa uinywe pamoja na chakula ili tumbo lisisumbuke. Wengi wetu tunajua dawa kwa rangi tu: "ile nyeupe ndogo." Hiyo haitoshi. Siku ya kliniki uliza maneno haya: "Dawa yangu inaweza kuniangusha nikichelewa kula? Na nikijua kuna matanga au safari, nifanyeje?" Msibadilishe wenyewe. Wapo wanaoacha dawa siku tatu za msiba, halafu siku ya nne sukari imepanda mpaka wanatapika. Na wewe wa sindano unayejidunga kabla ya kula, uliza kliniki yako kuhusu jambo hili: ukiwa ugenini usijidunge kwa sababu umesikia "chakula kiko tayari." Ngoja ukione chakula chenyewe. Kwetu "kiko tayari" inaweza kuwa saa mbili nzima.

Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, njaa kali ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hasira isiyo na sababu. Ikipimwa iko chini ya 4. Hapo, ndugu zangu, sukari ndiyo dawa. Weka vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au mpe nusu ya chupa ya soda, ile ya kawaida yenye sukari. Ngoja dakika kumi na tano. Kama bado hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu ale chakula kamili, asiende kubeba viti. Kama hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, ataingiwa na maji kifuani. Mlaze ubavu na tafuta gari upesi.

Na hii habari ya ulevi ni kubwa kwetu. Busaa na chang'aa bila chakula zinashusha sukari zenyewe, hasa kwa mtu aliye na dawa nilizotaja. Na harufu ya pombe inaficha ugonjwa. Mgonjwa wa sukari akilala hivi baada ya kikombe kimoja, watu wanasema "mwacheni alale." Wengine hawaamki. Sehemu za Bungoma, mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, sherehe za tohara zinaenda boma hadi boma, mchana na usiku, na kila boma lina chungu. Sisemi msiende kwa mtoto wa ndugu. Nendeni mkiwa mmekula, na mwenzako mmoja ajue una dawa gani.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Jambo la kwanza ni chai. Nyumbani unaweka sukari mwenyewe au huweki. Ugenini chai imepikwa na sukari ndani ya sufuria, na huwezi kuitoa. Mkutano wa asubuhi vikombe viwili, ukipita kwa jirani kimoja, jioni kwa mgonjwa hospitalini kimoja. Ukihesabu vijiko utashangaa. Na soda moja ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 32, yaani kama vijiko vinane vya chai. Mtu hangekubali kulamba vijiko vinane mbele ya watu, lakini soda anakunywa mbili kwenye harusi na kusema "ni maji tu." Kama una kiu, omba maji. Na kama kiu haiishi na unakojoa usiku kucha, usinywe soda, nenda ukapimwe.

Kuna maneno matatu ninayosikia kila mahali na ninataka yaishe. La kwanza, ati ugali wa wimbi hauna sukari. Ugali wa wimbi ni mzuri, lakini ni wanga, na wanga tumboni unageuka sukari. Ukila mlima wa wimbi ni sawa na mlima wa mahindi. Uji wake ukiwa umetiwa sukari ni mbaya zaidi, maana unateremka haraka. La pili, ati asali ni ya asili, haidhuru. Asali ni sukari iliyotengenezwa na nyuki. La tatu, ati muwa ni tunda. Sisi ni watu tuliozungukwa na miwa, kuanzia Webuye mpaka kiwandani Nzoia kule Bukembe, na mtu anaweza kutafuna muwa mzima akingoja matatu bila kujua kama amekula. Hicho ni chakula, kihesabu.

Ukweni ndiko kugumu. Hapo chakula ni heshima. Mtu amekuchinjia jogoo, wewe useme "sili"? Lakini tazama vizuri, jogoo si adui yako. Kula kuku wako, kunywa mchuzi wake, hata firigisi ukipewa kula. Mrenda, kunde, sagaa, managu, hizo omba uongezewe, na hakuna mwenyeji atakayekasirika kwa mgeni anayesifu mboga zake. Ni ule ugali wa kukatwa kama tofali, na jinsi unavyoongezwa ukigeuka kidogo. Chukua ukubwa wa ngumi yako, uweke mkono juu ya sahani. Bwana, kama wewe ni mkwe na mila haikuruhusu kuongea na mama mkwe juu ya chakula, tuma neno mapema kwa shemeji yako: "Waambie mimi nina sukari, nitakula kuku na mboga sana, ugali kidogo, na chai yangu isiwe na sukari." Likisemwa siku mbili mbele ni taarifa tu. Likisemwa sahani ikiwa mezani linakuwa matusi. Mzee mmoja aliniambia tangu aanze kufanya hivyo anachinjiwa kuku wawili. Sijui kama ni kweli, lakini alinenepa kidogo na hilo pia nilimkemea.

Hotelini mjini Kitale au Bungoma ni rahisi kuliko mnavyofikiri, kwa sababu unalipa. Omba sukuma wiki sahani mbili na ugali nusu. Omba chai isiyo na sukari, hata kama mhudumu atakuangalia. Chapati moja na maharagwe ni chakula kizuri, lakini chapati tatu na chai tamu si kizuri. Chipsi za mafuta ziache kwa vijana, na hata hao vijana sijui. Semina nazo, pamoja na hizi zetu za Kanisa, ninakiri zina makosa: saa nne mandazi, saa saba wali, viazi, chapati na ugali juu ya sahani moja. Shika moja tu kati ya hizo nne. Ndiyo, najua zote ni za bure. (Kicheko.)

Safari sitakaa sana. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380, na basi likiharibika Timboroa usiku hakuna duka. Beba mfukoni njugu, mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu kimoja, maji, na sukari kidogo kwenye karatasi. Vibebe mkononi, si kwenye mzigo ulio juu ya gari. Insulini hivyo hivyo: isikae juani kwenye kioo, isiwekwe kwenye mzigo, na isigandishwe kwa barafu. Kwa wasio na friji nyumbani, chungu cha udongo chenye unyevu, mahali pa kivuli, kinasaidia sana kuipoza. Chupa iliyofunguliwa haipiti wiki nne.

Na kwa sababu tuko katika nyumba ya Kanisa, niseme hili, maana nimeulizwa na zaidi ya mmoja. Wapo wanaokaa na njaa tangu usiku ili wapokee Komunyo katika Misa ya saa nne. Kanisa linataka tufunge saa moja tu kabla ya Komunyo. Maji na dawa havivunji, na wagonjwa na wazee wamesamehewa hata hiyo saa moja. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu pia, mgonjwa hafungwi na sheria hiyo. Padre wenu atawaambia hivyo hivyo. Mama wa sindano, kula kwanza, halafu njoo Misa.

Sasa nawageukia ninyi viongozi, maana mgonjwa peke yake hawezi kupigana na sufuria ya watu mia tatu. Kamati za matanga na harusi ziko mikononi mwenu. Ninawaomba mambo ambayo hayagharimu kitu.

Pikeni chai bila sukari, sukari iwekwe kando na vijiko. Nilipolisema hili katika kikundi kimoja upande wa Chwele, mzee alisimama akasema, "Watu watasema boma limefilisika." Mweka hazina akamjibu hapo hapo kwamba matanga yaliyopita sukari ndiyo ilikula pesa kuliko maharagwe. Walijaribu. Sukari iliyobaki iligawiwa mjane. Mzee sasa ndiye anayelinda bakuli.

Halafu pawe na sahani ya mapema. Ikifika saa sita mchana, kabla ya hotuba, mtu mmoja wa kamati atangaze: "Wenye dawa, wazee, wajawazito na watoto wadogo, chakula chenu kiko upande ule." Asiitwe mtu kwa jina. Nasema wajawazito na wazee makusudi, ili anayesimama asijulikane anasimama kwa ajili gani. Yule mama wetu angekuwa na sahani hiyo, hata na aibu yake angesimama, maana nywele zake zina mvi, angehesabiwa na wazee. Na wapishi waingie katika orodha hiyo. Chupa mbili za soda na kikopo cha sukari vikae kwa mtu anayejulikana, si katika sanduku lililofungwa na ufunguo uko na mjomba aliyeenda mtoni.

Kuhusu kupimwa. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima kumi wa Kenya, karibu tisa hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Kwa hivyo katika ukumbi huu wapo walio nayo na hawajui. Vikundi vinaweza kusaidia hapa. Huku kwetu magharibi AMPATH, ule ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na vyuo vikuu vya Marekani, walianzisha utaratibu ambapo wagonjwa wa presha na sukari wanakutana kama kikundi, wanapimwa hapo, na siku hiyo hiyo wanaweka akiba na kukopeshana. Ninyi akiba mnayo tayari. Kikundi kikinunua mashine moja ya kupima, jueni kwamba mashine si ghali kama vile vijiti vyake, maana kila kipimo kinakula kijiti kimoja na sindano yake moja, isiyotumiwa na mtu wa pili. Hesabuni vijiti kwanza kabla ya kusherehekea mashine. Na muulize katika zahanati yenu nani atawafundisha, msijifundishe wenyewe.

Yule mama bado ni mweka hazina, na bado anapika matanga. Mwezi uliopita nilimkuta jikoni. Alikuwa amefunga leso kiunoni, na kwenye pindo la leso kuna fundo. Nikamuuliza ni nini. Akafungua: sukari, kama vijiko vitatu. Wapishi wenzake wote wanajua fundo hilo liko upande gani.

Maswali nitayapokea, lakini naona ni saa sita na robo. Tulikubaliana na jikoni. Wenye dawa, wazee, wajawazito, na wapishi pia, chakula chenu kiko kwenye meza iliyo karibu na mlango. Nendeni sasa, msingoje sala ya kufunga. Sisi wengine tutaendelea na maswali.